Kuchagua Mtandao wa Hifadhi kwa Wingu la Kampuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wahandisi na wasimamizi wa mifumo wanaojenga wingu la kampuni ndani ya chumba chao cha seva, iwe ni kwa Proxmox, VMware, OpenStack au Kubernetes, na wanaotakiwa kuamua data ipite njia gani kati ya seva na diski. Msimamo wetu tunautaja mapema: itifaki uipime kwa namna inavyoharibika kabla ya kuipima kwa kasi yake. Karibu kila teknolojia iliyo hapa chini ina kasi ya kutosha kampuni nyingi. Zinatofautiana siku kebo inapong'oka au swichi inapozima.

Kwa nini hifadhi ihitaji mtandao wake? Si tuna mtandao wa ofisi?

Ukurasa wa wavuti ukichelewa sekunde 10, mtumiaji hunung'unika, kisha anaufungua upya. Diski ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya seva) haina subira hiyo. Kwenye Linux, ombi lililotumwa kwa diski ya SCSI hungoja sekunde 30, likikosa jibu huhesabiwa limeshindwa. Makosa yakifika kwenye jarida la ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux), mfumo huo hujifunga usomeke tu, na huduma zote zilizo juu yake husimama. Ndiyo maana mtandao ambapo mtu anaweza kuchomeka swichi ndogo chini ya meza na kuzungusha pakiti haufai kubeba diski za hifadhidata. VLAN (mtandao uliotengwa kwa mipangilio ndani ya swichi) ya peke yake ni kiwango cha chini kabisa. Swichi mbili za peke yake ndicho kiwango tunachopendekeza.

Bloku, faili au objekti: nitajuaje ninachohitaji?

Hifadhidata na diski za mashine pepe huenda vizuri kwenye bloku, yaani diski ghafi ambayo seva huiona kama yake (kwa Faiba Chaneli au FC, iSCSI, NVMe). Folda zinazotumiwa na seva nyingi kwa wakati mmoja ni kazi ya faili, yaani NFS au SMB. Bakapu, picha, video na kumbukumbu za mifumo ziende kwenye objekti kwa itifaki ya S3. Kampuni nyingi huhitaji aina mbili, hivyo usilazimishe moja ifanye yote.

Tupime nini kabla ya kuomba bei kwa wauzaji?

Pima mzigo ulio nao leo, kwa wiki nzima na mwisho wa mwezi ukiwemo, maana hapo ndipo mishahara na ripoti hukutana. Kwenye seva za Linux tumia `iostat -x 5` na uhifadhi matokeo. Safu za kuangalia ni `r/s` na `w/s` (maombi kwa sekunde), `rkB/s` na `wkB/s` (ujazo), `r_await` na `w_await` (milisekunde za kungoja), na `aqu-sz` (urefu wa foleni). Usichukue wastani, kwa sababu usiku mtulivu huficha saa nne asubuhi. Chukua thamani ambayo asilimia 95 ya vipimo viko chini yake.

Kisha piga hesabu. Maombi 20,000 kwa sekunde ya kilobaiti 8 kila moja ni megabaiti 160 kwa sekunde, kama gigabiti 1.3. Kebo moja ya gigabiti 10 inaubeba mzigo huo bila taabu. Lakini bakapu ya usiku husoma kwa vipande vikubwa, na mkondo mmoja wa gigabaiti 1 kwa sekunde unakaribia kuijaza kebo hiyohiyo. Kwa hiyo mchana unachotafuta ni ucheleweshaji mdogo, usiku unatafuta upana wa njia.

Kuna uhusiano mmoja unaoepusha mabishano mengi: idadi ya maombi kwa sekunde ni urefu wa foleni ugawanye kwa ucheleweshaji. Foleni ya 32 kwenye ucheleweshaji wa milisekunde 0.5 inatoa maombi 64,000. Ucheleweshaji ukipanda hadi milisekunde 2, foleni hiyohiyo inatoa 16,000. Programu inayoandika ombi moja na kungoja jibu, kama kumbukumbu ya miamala ya hifadhidata, ina foleni ya 1. Hiyo haisaidiwi na kebo pana hata kidogo. Inasaidiwa na ucheleweshaji mdogo tu.

Faiba Chaneli bado inafaa, au imepitwa na wakati?

Bado inafaa sana mahali pake. FC haitupi fremu ovyo: kabla ya kutuma, upande mmoja lazima uwe na krediti kutoka upande wa pili kuthibitisha kuwa bafa ina nafasi. Kwa hiyo mtandao ukielemewa, kinachotokea ni kungoja, si kupoteza na kutuma upya kama kwenye Etherneti ya kawaida. Pia umetengwa kabisa, na hakuna mtu wa mtandao wa ofisi atakayeugusa kwa bahati mbaya. Poti ya 32G inabeba kama megabaiti 3,200 kwa sekunde kila upande, ya 64G mara mbili yake.

Gharama yake iko kwenye kadi za HBA (za kuunganisha seva na FC), swichi, SFP zake (vipokezi vya mwanga vya kuchomeka kwenye poti), leseni za poti na watu wanaoijua. Soko la swichi limebaki kwa kampuni mbili hasa, Broadcom kupitia Brocade, na Cisco kupitia MDS. Uliza mapema kama leseni inafungua poti zote au nusu tu.

Ukiichagua, jenga mitandao miwili isiyogusana kabisa, A na B. Usiiunganishe kwa kebo hata ya muda, kwani kosa la kanda (orodha ya poti zinazoruhusiwa kuonana) upande mmoja litavuka upande wa pili. Kila kanda iwe na poti moja tu ya seva pamoja na poti za mtambo wa hifadhi inazozihitaji. Kanda moja kubwa yenye seva zote inaonekana rahisi kusimamia, ila seva moja ikiwashwa upya, tangazo la mabadiliko linaweza kuwafikia wote.

Tatizo la FC linalosumbua vichwa ni mpokeaji mzembe. Seva moja yenye kadi mbovu au iliyoelemewa hukawia kurudisha krediti, fremu zake zinajaa kwenye swichi, na seva nyingine zisizo na kosa zinaanza kupunguza mwendo. Ukiona seva nyingi zimekuwa nzito wakati mtambo wa hifadhi umetulia, tazama kaunta za poti zinazoonyesha muda ambao krediti zilikuwa sifuri, ufuatilie hadi poti ya seva.

iSCSI ni ya kampuni ndogo tu?

Hapana. iSCSI iliandikwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2004, inapita kwenye TCP poti 3260, na inaendesha mashine pepe nyingi sana duniani. Kwenye swichi nzuri za gigabiti 25 inatosha mizigo mingi ya kampuni. Inachukiwa kwa sababu ya mipangilio michache inayoachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Wa kwanza uko kwenye `/etc/iscsi/iscsid.conf`: `node.session.timeo.replacement_timeout` huja ikiwa 120. Maana yake njia moja ikikatika, maombi yanakaa dakika mbili kabla multipath (programu ya Linux inayosimamia njia nyingi za diski moja) haijaambiwa ihamie njia ya pili. Ukitumia multipath, weka 5. Njia zilizokwisha kusajiliwa hazitafuata faili hilo zenyewe, zibadilishe kwa `iscsiadm -m node -o update`, kisha ufungue upya vipindi vyake.

Wa pili ni `no_path_retry` kwenye `/etc/multipath.conf`. Ukiandika `queue`, njia zote zikifa michakato itaganda bila kikomo, na hata kuzima seva kistaarabu kutashindikana. Namba 12, pamoja na `polling_interval` ya 5, inatoa kama sekunde 60 za kuvumilia.

Wa tatu ndio wa hatari kuliko yote. Ukinakili seva kutoka kwenye kiolezo, faili la `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi` linanakiliwa nalo. Seva mbili zinakuwa na jina moja, mtambo wa hifadhi unaziona kama seva moja na kuzipa diski zilezile. Zote mbili zikiipachika diski yenye ext4 au XFS, data inaharibika kimyakimya, na utagundua siku kadhaa baadaye. Tengeneza jina jipya kwa `iscsi-iname` kila unaponakili. Kwa NVMe kosa hilohilo linajificha kwenye `/etc/nvme/hostnqn` na `/etc/nvme/hostid`.

NVMe/TCP ni iSCSI iliyopakwa rangi mpya?

Zote zinapita kwenye TCP na swichi zilezile, lakini lugha ya ndani ni tofauti. iSCSI hubeba amri za SCSI, zilizobuniwa enzi za diski za kuzunguka. NVMe ilibuniwa kwa ajili ya flashi, na inaruhusu foleni nyingi sambamba, kila kiini cha prosesa na yake. Matokeo ni prosesa kutumika kidogo zaidi kwa kila ombi na ucheleweshaji mdogo. NVMe/TCP iliidhinishwa Novemba 2018, ikaingia Linux toleo la 5.0 mwaka 2019, na VMware ikaipokea kwenye vSphere 7.0 Update 3.

Tunaipendekeza kwa mradi mpya wenye mtambo wa flashi tupu, mradi uhakikishe mambo mawili. Programu yako ya wingu iwe inaitambua: Proxmox, kwa mfano, inatambua iSCSI kwenye kiolesura chake, lakini NVMe/TCP utaiunganisha mwenyewe kwa amri. Na timu yako ijue kuwa njia nyingi hapa hazisimamiwi na multipath ya zamani, ni kazi ya kiini cha Linux chenyewe. Njia utaziona kwa `nvme list-subsys`. Ugunduzi ni poti 8009, data ni poti 4420, na kuta za moto zinazofungua moja na kusahau nyingine ni chanzo cha kawaida cha kilio cha "inaonekana lakini haiunganiki".

Muuzaji anasisitiza RoCE. Tumsikilize?

RoCE toleo la 2, itifaki inayopita kwenye Etherneti, ina ucheleweshaji mdogo kuliko TCP, kwa sababu kadi ya mtandao huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya seva. Sharti lake ni mtandao usiopoteza pakiti: PFC na ECN (mbinu za kusimamisha na kuonya msongamano) zipangwe sawasawa kwenye kila kadi na kila swichi njiani. Swichi moja ikisahaulika, utaona kasi inaporomoka wakati wa msongamano tu, na kesho yake huwezi kuirudia hali hiyo. Kama huna mtu anayeweza kusoma kaunta za PFC na kuzieleza, nenda na NVMe/TCP. Kwa makundi ya GPU, au hifadhidata ambayo mikrosekunde chache zina thamani ya pesa, RoCE inastahili jasho lake.

Na FCoE?

FCoE ni FC inayopitishwa ndani ya Etherneti. Kwa mradi mpya, usiinunue. Kama unayo tayari, itunze hadi vifaa vyake viishe muda.

Tunaweka mashine pepe kwenye NFS. Ni kosa?

Si kosa. NFS ni nyepesi kusimamia: kupanua nafasi, snapshoti (picha ya data ilivyo kwa wakati fulani), na kurejesha faili moja la mashine pepe ni kazi ya dakika. Kwenye Proxmox, hadi toleo la 8, LVM (mgawanyo wa diski wa Linux) juu ya iSCSI haikuwa na snapshoti za mashine pepe, wakati qcow2 (aina ya faili la diski ya mashine pepe) juu ya NFS ilikuwa nazo, na sababu hiyo pekee iliwaamulia wengi.

Pachika kwa `hard`, kamwe si `soft`, kwa sababu `soft` humrudishia mwandishi kosa katikati ya kuandika na faili hubaki nusu. Ongeza `nconnect=8` ili mpachiko mmoja utumie miunganisho minane ya TCP (kikomo ni 16, kuanzia Linux 5.3). Upande wa seva ya Linux, usiweke `async` kwenye `/etc/exports` ili upate kasi. Seva itajibu "imeandikwa" kabla data haijafika kwenye diski, na umeme ukikatika wakati huo, data iliyothibitishwa itakuwa haipo.

Ceph inatuondolea haja ya mtambo wa hifadhi?

Ndiyo, kwa kuwa Ceph hueneza data kwenye diski za seva zako zenyewe, lakini haikuondolei haja ya mtandao, tena inaiongeza. Ukiwa na nakala tatu, kila gigabaiti mteja anayoandika inazaa gigabaiti mbili nyingine kati ya seva zenyewe. Seva moja ikifa, terabaiti nyingi zinaanza kuhama huku watumiaji wakiendelea kufanya kazi. Gigabiti 10 ndiyo sakafu, 25 ndiyo saizi inayostahili flashi.

Upande wa nafasi, terabaiti 10 za kutumia zinataka 30 za diski, na juu yake acha nafasi, kwani onyo huja kwenye asilimia 85 na uandishi husimama kwenye 95. Seva tatu zinatosha kuanzia, ila ukiwa na tatu na nakala tatu, seva moja ikifa hakuna mahali pa kujenga upya nakala ya tatu. Nne au tano zinakupa usingizi. Usitumie SSD za kompyuta za nyumbani: hazina kapasita za kulinda data umeme unapokatika, kwa hiyo kila uandishi unaotaka uthibitisho hungoja flashi yenyewe, na kasi huanguka mara nyingi chini ya ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Tununue swichi gani, na poti ngapi?

Chukua mfano wa seva 8 na mtambo wenye kontrola 2, kila kontrola ikiwa na poti 4. Kila seva inatoa kebo moja kwa kila swichi, kila kontrola inatoa mbili kwa kila swichi. Kila swichi inatumia poti 12, na jumla ni kebo 24. Nunua swichi za poti 24, ili ukiongeza seva usianze upya.

Ndani ya kabati moja tumia kebo za DAC za shaba: kwa gigabiti 25 kaa ndani ya mita 3. Zaidi ya hapo tumia fiba ya OM4 na SFP, inayofika mita 100 kwa gigabiti 25 na pia kwa FC ya 32G. OM3 kwa kasi hizo inaishia mita 70. Kabla ya kulipa, uliza ukubwa wa bafa, maana swichi ya ofisi yenye bafa ndogo hutupa pakiti pale seva nane zinapojibiwa na mtambo mmoja kwa mpigo. Kila swichi iwe na pawa mbili, kila pawa kwenye UPS yake. Swichi mbili zilizochomekwa kwenye soketi moja ya UPS ni swichi moja.

Tumeunganisha kebo mbili kwa LACP. Si tayari tuna ulinzi?

Kwa NFS, sawa, LACP inafaa. Kwa iSCSI na NVMe/TCP iache. LACP humpangia kila muunganisho kebo moja, hivyo kipindi kimoja hakipati kasi ya kebo mbili, na haioni tatizo lililo nyuma ya swichi. Weka subneti mbili, mfano 10.10.1.0/24 kwenye swichi A na 10.10.2.0/24 kwenye swichi B, bila njia ya kupitisha pakiti kati yao, kisha uache multipath ifanye kazi yake.

Tuweke MTU 9000?

MTU ni ukubwa wa juu wa pakiti moja. Kuikuza inasaidia kiasi kwa mizigo mikubwa, na ni lazima iwe sawa kila mahali. Dalili ya kutolingana inachanganya: kuingia kwenye hifadhi kunafanikiwa, diski inaonekana, `lsblk` inaitaja, halafu `mkfs` inaganda. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea. Jaribu kwa `ping -M do -s 8972` kwenda kila anwani ya mtambo, kutoka kila seva, kwenye kila njia. Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Kama swichi za katikati si zako, baki na 1500.

Tujaribuje kabla ya kukabidhi?

Tengeneza LUN (diski inayotolewa na mtambo) ya majaribio isiyo na data, kwani amri hii inafuta kilichopo:

`fio --name=jaribio --filename=/dev/mapper/mpathb --direct=1 --ioengine=libaio --rw=randrw --rwmixread=70 --bs=8k --iodepth=32 --numjobs=4 --time_based --runtime=1800 --group_reporting`

Ikiwa inaendelea, chomoa kebo ya seva upande wa A. Uandishi unaweza kusita sekunde chache, kisha uendelee. Rudisha kebo, na kwa `multipath -ll` hakikisha njia zote zimerudi kuwa `active ready` kabla hujagusa B. Kisha zima swichi nzima ya A kwa kuchomoa umeme, usitumie amri ya kuizima. Baada ya hapo ondoa kontrola moja ya mtambo. Andika kila mara uandishi ulisita sekunde ngapi. Ukisita zaidi ya sekunde 30, rudi kwenye mipangilio ya muda kabla ya kuweka mashine pepe hata moja. Majaribio haya huchukua siku nzima, na muuzaji asiyetaka kuyashuhudia ni wa kuogopwa.

Tunataka nakala ya papo hapo kwenye mji mwingine. Inawezekana?

Mwanga ndani ya fiba hutumia mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwenda na kurudi ni 10. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450 kwa barabara, hivyo hata njia iliyonyooka hivyo inaongeza milisekunde 4.5 kwa kila uandishi, bila kuhesabu vifaa vya njiani. Hifadhidata iliyozoea milisekunde 0.5 itakuwa karibu mara kumi nzito zaidi. vSAN (hifadhi ya VMware) ya maeneo mawili, kwa mfano, inataka isizidi milisekunde 5. Kati ya majengo mawili ndani ya jiji, nakala ya papo hapo inafaa. Kati ya miji, tumia nakala inayofuata nyuma kwa dakika chache, na mkubaliane kwa maandishi na wenye biashara dakika ngapi za data wako tayari kupoteza.

Ukipitisha FC umbali mrefu, hesabu krediti: 32G inahitaji kama 16 kwa kila kilomita kwa fremu kamili. Zikipungua, kebo inakuwa na mwanga lakini kasi haifiki ile kamili.

Tukihamia wingu la umma, uamuzi huu unaisha?

Kebo zinaisha, hesabu zinabaki. Kwenye AWS (wingu la Amazon), volumu ya gp3 (aina ya diski pepe) huja na maombi 3,000 kwa sekunde na megabaiti 125 kwa sekunde, na kuongeza ni kwa malipo. Seva pepe nayo ina kikomo chake cha kufikia hifadhi, na nyingi za saizi ndogo hufikia kile cha juu kwa muda mfupi tu kwa siku. Watu hulipia volumu kubwa, kumbe kizuizi ni seva. Usijaribu pia kuacha hifadhidata nyumbani na kupeleka programu Johannesburg: Dar es Salaam hadi huko ni zaidi ya kilomita 2,400, hivyo hakuna mtandao utakaoshuka chini ya milisekunde 24 kwenda na kurudi, na programu inayouliza maswali 200 kufungua ukurasa mmoja itamngojesha mtumiaji karibu sekunde 5.

Usalama je?

iSCSI peke yake haisimbi data. Tenga VLAN, washa CHAP ya pande mbili (seva na mtambo vithibitishane kwa neno la siri), na kwenye mtambo ruhusu kila seva kuona LUN zake tu. NVMe/TCP ina TLS 1.3 ya kusimba data, kama mtambo na mfumo wako vyote vinaiunga mkono. Kwa FC, kanda na ruhusa za LUN hufanya kazi pamoja, moja haichukui nafasi ya nyingine.

Tuna FC ya 8G inayofanya kazi vizuri. Tuhame lini?

Pale msaada wa vifaa unapoisha, au vipimo vyako vikionyesha poti zimejaa. Si kwa sababu ya kalenda tu. SFP za 32G huongea na vizazi viwili nyuma, kwa hiyo unaweza kubadilisha swichi kwanza na kuziacha kadi za 8G kwenye seva hadi zamu yao. Ukienda 64G, kadi za 8G haziwezi kuchomekwa kwenye SFP za 64G.

Ukihamia Etherneti, endesha mitandao yote miwili sambamba na uhamishe diski za mashine pepe zikiwa zinafanya kazi, ukianza na zisizo na lawama. LUN ya zamani ikibaki tupu, fuata mpangilio huu: ondoa ramani kwa `multipath -f`, kisha futa kila njia kwa `echo 1 > /sys/block/sdX/device/delete`, na mwisho ndipo uiondoe kwenye mtambo. Ukianza na mtambo, seva zitabaki na njia zilizokufa, amri kama `lvs` zitaganda, na utalazimika kuwasha upya seva zenye mashine pepe za watu.